Mjadala: Waya za meno na kuzalia nyumbani, serikali ijibu nini?

Mjomba wa Buza (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nina mambo mawili ambayo wengi mtashangaa nimeyaweka pamoja: kupanga meno ya watoto na akina mama kujifungulia nyumbani. Mimi naona swali lake ni moja. Huduma ya umma isipopatikana, nani ana wajibu wa kutuambia, kwa maandishi, kwamba haipatikani?

Nianze na meno. Binti wa dada yangu yuko darasa la sita. Chonge zake za juu hazijashuka, moja inaonekana imetuna kwenye fizi. Hospitali ya umma alikopelekwa walimng'oa jino la utotoni, wakampa rufaa, na kule alikopelekwa wakasema "mrudi baadaye tuangalie". Hana karatasi inayosema yuko wa ngapi kwenye foleni, wala kama anastahili waya au hastahili. Kliniki binafsi wanahesabu kwa mamilioni, na matibabu yenyewe ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili, mtoto akirudi kila baada ya wiki kadhaa kukazwa.

Uingereza wana kipimo cha ngazi tano cha kupima ubaya wa mpangilio wa meno. Mtoto wa chini ya miaka 18 akiwa ngazi ya 4 au 5, serikali inalipa. Ngazi ya 3 inategemea mwonekano. 1 na 2 mzazi ajitegemee. Foleni zao ndefu na wananung'unika, lakini aliyenyimwa anajua kanyimwa kwa kigezo gani. Ireland wabunge humwandikia Waziri wa Afya kuuliza watoto wanaosubiri waya, hata huduma ya kuzalia nyumbani, na majibu yanachapishwa. Sisi Tanzania, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni Novemba 2023, na kila ninayemuuliza habari ya waya ananijibu kwa mdomo.

Kwenye uzazi serikali imefanya kazi, tusibishe. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye ule wa 2015/16, na wanaojifungulia vituoni wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hao 19 waliobaki je? Sera inasema mjamzito halipi kituo cha umma. Halafu kliniki anapewa orodha: glovu, pamba, mpira wa kutandika, wembe, kibana kitovu, beseni. Asiyekuwa nayo anaona aibu kwenda, anabaki kwa bibi wa mtaani.

Nawasilisha.

Kijana wa Tandika

Mkuu, meno ni urembo. Mwanya tunausifia mpaka kwenye taarabu, leo kodi yangu inyooshe meno ya watu? Kuna wodi za wazazi hapa mjini wanalala wawili kitanda kimoja. Maliza kwanza hiyo ndiyo uje na waya.

Fundi wa Kinywa

Kijana, mwanya hauhusiani na hii. Chonge lililozama likiachwa linaweza kula mizizi ya meno ya jirani, mtoto akapoteza meno ya mbele mazima. Hapo urembo umeingiaje?

Mjomba, na wewe nikusahihishe kidogo. Kung'oa chonge la utotoni mapema, umri wa miaka kumi hadi kumi na tatu hivi, ni tiba kabisa. Mara nyingi lile la ukubwani hupata njia likashuka lenyewe, na waya huenda usihitajike. Huyo daktari alifanya sawa. Kosa ni kwamba hakuna aliyekaa na mama wa mtoto akamwambia: tumeng'oa kwa sababu hii, mrudi baada ya miezi kadhaa tupige picha. "Mrudi baadaye" haina tarehe, mzazi haji, jino linaharibika. Hapo hata fedha haikuhitajika, ni kalamu tu.

Mama wa Chanika

Mimi niseme upande wa uzazi maana wanaume mmeng'ang'ania meno. Mtoto wangu wa tatu nilimzalia ndani. Uchungu ulinishika usiku wa manane, mvua, barabara ya kwetu haipitiki hata na bajaji. Jirani mtu mzima ndiye aliyenipokelea mtoto. Asubuhi nimekwenda kituoni na mwanangu nimemfunga kanga, neno la kwanza nililoambiwa ni "nani kakutuma uzalie nyumbani?" Hakuna aliyeuliza kama natoka damu.

Kama huko Ulaya mkunga wa serikali anamfuata mama nyumbani, kwa nini sisi asije?

Mkunga Mstaafu

Pole sana mwanangu, na hilo karipio halikuwa halali yako. Lakini ngoja nikwambie kwa nini nitakataa.

Uingereza walifanya utafiti mkubwa ukatoka 2011, akina mama zaidi ya 64,000 wenye hatari ndogo. Kwa aliyekwisha kuzaa, kupanga kuzalia nyumbani hakukuongeza madhara kwa mtoto. Kwa mzazi wa kwanza yaliongezeka: kutoka kama 5 kwa waliopanga hospitalini hadi 9 kwa waliopanga nyumbani, kwa kila 1,000. Na hao wana mkunga aliyesomea, mwenye dawa mkononi, na gari la wagonjwa likiitwa linakuja. Mama anayetoka damu baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mtoe Chanika kwa foleni ya jioni umfikishe kwenye chumba cha upasuaji, halafu uniambie.

Ninachodai ni kingine. Namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ni bure. Mpango ulizinduliwa kitaifa 2022, na pasipo gari la wagonjwa wanatumia madereva wa mtaani waliosajiliwa. Wajawazito wangapi wa Chanika wameandikiwa hiyo namba kwenye kadi? Serikali ikishakataza kuzalia nyumbani, imejifunga kumfikisha mama kituoni. Haiwezi kukataza na kukaa.

Kijana wa Tandika

Bibi, hapo shikamoo. Meno bado nabisha.

Mjomba wa Buza

Bisha tu. Mimi nataka ubishi wako upate takwimu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 30 kujibu. Naandika: mtoto gani anastahili kupangwa meno kwa gharama ya umma, wangapi wanasubiri Dar na tangu lini; na ule ujumbe wa "uzazi ni bure" unahusisha vifaa gani vya kwenye orodha ya kliniki. Na la Mama wa Chanika: aliyezalia nyumbani akifika kituoni, utaratibu ulioandikwa unataka apimwe nini kwanza?

Mlipakodi

Angalia anwani, Mjomba. Amana, Temeke na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, ziko Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali za mitaa, kupitia halmashauri. Ukiandika wizarani peke yake, habari za Chanika watakujibu si zao, na watakuwa wamesema kweli. Peleka mbili, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo.

Mama wa Chanika

Ya halmashauri nipeni mimi. Jumatatu nampeleka mtoto chanjo, napita hapohapo.