Tupeane uzoefu: sangara alipojaa Ziwa Victoria, kwenu nini kilibadilika?

Mwana Ukerewe: Wakuu, sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 upande wa Uganda, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kote. Inakadiriwa ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, wale samaki wadogo wa asili. Sangara aliwala, na karibu 200 hazionekani tena. Nataka kusikia ya majumbani. Bibi yetu alikuwa akianika furu juani, kwenye mawe, anaweka akiba. Sangara ana mafuta mengi, haanikiki, lazima abanikwe kwa moshi. Kuni zikaanza kufuatwa mbali, vilima vikabaki vipara.

Nyar Usenge: Huku Kenya sangara tunamwita mbuta, na furu ni fulu. Mama alikuwa akinunua fulu na ngege (perege wa asili wa ziwa) ufuoni kwa pesa kidogo, anauza sokoni. Mbuta alipokuja na malori ya barafu, minofu ikaenda Ulaya, mama akabaki kuuza mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Iliniuma sana. Ngege wa asili nimemwona tena Ziwa Kanyaboli, ambako mbuta hayuko.

Mzee wa Mwaloni: Poleni, wanangu. Lakini sangara ndiye aliyenisomeshea watoto, siwezi kumtukana. Miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vilikuwa vinamgombania. Shida ni sasa: wakubwa adimu, na wachanga wa chini ya sentimita 50 wanauzwa usiku wakati sheria imekataza.

Mwana Ukerewe: Shikamoo mzee. Umesema kweli, hata kwetu bati la nyumba lilitoka kwa sangara.

Mwanafunzi wa Samaki: Naongeza moja. Furu wengi walikula mwani na masalia ya tope la chini, wengine konokono. Walipoisha, huku mbolea na udongo wa mashamba vikiingia ziwani, mwani ulizidi na hewa ikapungua kilindini. Tena jike la furu humchagua dume kwa rangi; maji yakiwa machafu rangi hazionekani, aina zinachanganyika. Kwa hiyo hata waliorudi Ghuba ya Mwanza baada ya sangara kuvuliwa sana, si wote ni wale wa zamani. Na sato tunayempenda ni mgeni vilevile, aliletwa miaka ya 1950 kama sangara. Amechangia kumsukuma ngege.

Nyar Usenge: Sato pia? Nimekua nikijua ni wetu!

Mwana Ukerewe: Wa Ziwa Kyoga, Uganda, mpo? Huko nako sangara aliwekwa miaka ya 1950. Nkejje, yaani furu wa huko, bado mnawapata?