PhD tano zimefanyika kijijini kwetu, hakuna hata moja iliyorudi kutuambia ilikuta nini

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyependa kusoma apite.

Mimi ni mtu wa Kondoa, huku kwenye vilima vya Irangi. Tangu nimalize kidato cha sita nimekuwa yule kijana ambaye mtendaji wa kijiji humpigia simu kila mgeni anaposhuka na barua ya kibali. "Kuna mtafiti kafika, njoo umzungushe." Nimewazungusha watano, wote wanasomea shahada ya uzamivu. Mmoja alikuja na udongo, mwingine lugha, mwingine michoro ya mapangoni kule Kolo, mwingine vikoba vya akina mama, na wa mwisho sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye karanga na mahindi. Nimebeba mizani, nimeshika futikamba, nimetafsiri madodoso kutoka Kiswahili cha chuoni kwenda Kirangi cha bibi yangu. Posho nililipwa, sina deni na mtu.

Ninachodai ni mrejesho. Wote watano sasa wanaitwa daktari. Aliyerudi kusimama mbele ya watu na kusema "nilikuja kuuliza hili, nikakuta hili" ni sifuri.

Kilichonitibua ni video. Wiki mbili zilizopita binamu yangu anayesoma Dar alinitumia kipande kwa WhatsApp, chini kaandika: "Kaka, huyu si mama mkubwa?" Nafungua, ni lile shindano la kueleza tasnifu kwa dakika tatu. Dada wa sumukuvu yuko jukwaani kapendeza, nyuma yake picha moja kubwa ukuta mzima: mama yangu mzazi kakaa kwenye mkeka anachambua karanga. Siku ile naikumbuka. Mimi ndiye niliyemwambia mama ageukie mwanga.

Dada anamwaga Kiingereza, watu wanacheka, wanapiga makofi. Nimeirudia video ile mara tisa, nasimamisha, nasikiliza, narudisha nyuma. Nilichoambulia ni hiki: karanga tunazobakiza nyumbani zilikuwa na sumu nyingi kuliko tunazouza. Kwa nini? Kwa sababu tunachambua. Zile nzuri, nene, zinakwenda sokoni. Zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zilizoshika ukungu, hatutupi, nani ana mali ya kutupa? Tunazisaga, zinaingia kwenye uji wa watoto na kwenye mboga. Akasema baadhi ya sampuli zilivuka mbali kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, mikrogramu 10 kwa kilo.

Sampuli za nyumba zipi? Kwetu alichota. Nilishika mfuko mimi mwenyewe na kuandika namba ya kaya kwa kalamu ya wino mzito.

Yaani ukumbi mzima umejua kilichomo kwenye gunia la mama yangu, na mama yangu hajui.

Kabla hamjaniambia "elimu ya sumukuvu imetolewa sana", najua. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu huku Kanda ya Kati, Dodoma na Manyara, na redio zikasema wee mpaka zikachoka. Wenzetu Kenya mwaka 2004 walizika watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Jina tunalijua. Mama alipolisikia alifanya lililomjia akilini: akaongeza kuni, uji ukachemka muda mrefu zaidi. Sumu hii haitoki kwa kuchemsha jikoni. Mtafiti alikaa kwenye kigoda jikoni kwa mama, akaona sufuria inatokota, akaandika kwenye daftari lake. Angefungua mdomo kidogo tu! "Mama, moto hauiondoi, zitenge zile mbovu wasile watoto, na usianike tena chini kwenye vumbi, tafuta turubai." Hayo ni maneno ya nusu dakika.

Hilo shindano nimelisoma chimbuko lake. Lilianza mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Kulikuwa na ukame, watu wakawa wanabandika bafuni kisaa cha mchanga cha dakika tatu ili wasimalize maji, mkubwa mmoja wa chuo akapata wazo: mwanafunzi naye apewe dakika tatu na slaidi moja. Hoja yao ni kwamba tasnifu ya maneno 80,000 ukiisema yote itakula saa tisa. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. (Wao ukame umewapa shindano. Sisi ukame umetupa madodoso.)

Ugomvi wangu ni huyo "mtu wa kawaida" anayetajwa kwenye masharti. Eti mweleze mtu wa kawaida asiye na taaluma yako. Nimetazama ule ukumbi. Mtu wa kawaida wao ni mhadhiri wa idara ya jirani! Mtu wa fizikia akimwelewa mtu wa kilimo, wanapeana mikono, wananchi wameelimishwa, twendeni chai. Mwanamke aliyepeta karanga zenyewe, hakuna anayemhesabu. Yeye ni slaidi.

Na msiniletee habari ya utafiti mgumu hauelezeki. Chukueni huyu wa udongo. Kwa miezi mitatu alichimba mashimo kwenye miteremko, akawa anagongomea mabomba ya chuma kwenye kingo za shimo, akiyatoa anayafunga haraka kwa plastiki nyeusi yasione jua. Kijiji kizima kikasema huyu anachukua nyota zetu. Mimi namtetea bila kujua namtetea kwa lipi. Miaka minne baadaye ndiyo nasoma mwenyewe kwa simu: punje ya mchanga ikifukiwa gizani inajilimbikizia kitu kama akiba ndani yake, na ukiipeleka maabara ukaimulika, inakutolea mwanga ambao wataalamu wanausoma na kujua ni lini ililiona jua mara ya mwisho. Wakuu, hiki kitu ni kitamu kuliko hadithi ya sungura! Ningekisimulia kilabuni nikanunuliwa kangara mwaka mzima.

Tena kina uzito kwetu kuliko mnavyodhani. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Babu yangu aliwatoa ng'ombe wake kwa miguu, akawaacha kwa shemeji yake mbali, na hakuwarudisha tena. Sasa huo mchanga wa gizani, watafiti mbalimbali waliopita kwenye vilima hivi wameupima, na umeonyesha kwamba udongo ulianza kuporomoka hapa maelfu ya miaka iliyopita, kabla hata ya zizi la babu wa babu yangu. Sisemi ng'ombe hawana hatia, makorongo mengine ni kazi yetu na ardhi ilipona kweli mifugo ilipotoka. Lakini babu alikufa akiamini makorongo yote yale, hadi lile la kule chini linalomeza lori, yamechimbwa na kwato za ng'ombe wake thelathini na kitu. Kulikuwa na sentensi mbili tatu za kumwambia. Mwenye nazo alikuwa amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwake.

Wa lugha, huyo alikuwa kijana wa Kizungu, mpole, kila jioni yuko kwa bibi. "Bibi, unasemaje nitalima kesho? Nitacheka? Nitapika?" Wiki tatu. Bibi mpaka leo anasimulia: "Yule mtoto alikuwa mzito kuelewa, kitu kimoja anauliza mpaka jua linazama." Kumbe kijana hakuwa mzito. Lugha nyingi za Kibantu zikiwa na kitenzi kisaidizi hukitanguliza, ndipo kije kitenzi chenyewe. Kirangi kwenye wakati ujao kinageuza: kulima kwanza, kisaidizi nyuma. Jambo hilo ni adimu kiasi kwamba watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kulisikia kinywani mwa bibi yangu. Mnajua bibi angeringa namna gani? Wajukuu wanaoona aibu kusema Kirangi mbele ya wenzao wa Dodoma mjini wangesikia nini? Tasnifu iko kwenye tovuti, jina la bibi limo ukurasa wa shukrani, kwa Kiingereza, na limekosewa herufi.

Wa Kolo simsemi sana. Michoro iliingia urithi wa dunia mwaka 2006, wageni wanapita, na yeye aliwahi kutueleza mawili matatu pale pale pangoni. Angalau.

Wa vikoba alinitesa. Swali la 14: "Je, kaya yako hutumia mikakati gani ya ustahimilivu ili kukabiliana na mishtuko?" Namsomea mzee mmoja, ananitazama. "Mshtuko wa nini, umeme? Umeme wenyewe haujafika." Nikamgeuzia Kirangi: mvua ikikata, mnakula nini? Akajibu dakika ishirini bila kupumua. Dodoso lilikuwa na nafasi ya mstari mmoja.

Halafu kuna wasomi watakaosema Kiswahili hakina maneno. Hili neno sumukuvu limetoka wapi, mbinguni? Mtu alikaa akaunganisha sumu na kuvu, redio ikalisema asubuhi, jioni bibi analitumia. Nendeni Morogoro, SUA, kile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale kwenye panya buku. Panya wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Nyuma yake kuna tasnifu na majedwali ya kutosha, lakini muulize kondakta wa daladala Msamvu atakueleza: panya ananusa, akipatia anapewa ndizi. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kondakta anajua hilo pia.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma hasa, maana haya mengine ningeyameza.

Kabla ya dodoso kuna fomu ya ridhaa. Wote watano walikuwa nayo, na zote zilikuwa na mstari kama huu: "Matokeo ya utafiti huu yatawasilishwa kwa jamii husika." Mtafiti hajui Kirangi. Aliyeusoma ule mstari kwa sauti, nyumba kwa nyumba, kaya mia na kitu kwa kila utafiti, ni mimi. Watu waliweka dole gumba kwa sababu walinisikia mimi mtoto wa fulani nasema mtaletewa majibu. Yeye kaondoka na namba yake ya simu haipatikani. Mimi nipo, nachota maji bomba lile lile. Jumapili iliyopita mama mmoja aliyetolewa mtoto wake damu akaniuliza mbele ya watu: "Yale majibu uliyotuahidi yamekwama wapi, au mliuza?" Watu wakacheka. Sikuwa na la kujibu.

Sitaki kitabu, na mambo ya semina ya hotelini yenye bahasha wapelekeeni wengine. Mkutano wa kijiji upo kila baada ya miezi mitatu, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, kipaza sauti kipo, betri nitachaji mimi. Njoo useme kwa Kiswahili, nitatafsiri bure. Ukishindwa kuja kabisa, kijiji kina kundi la WhatsApp, rekodi sauti utume. Dakika tatu zile zile ulizowapa majaji.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mkuu unayesema bajeti ya utafiti haina fungu la mrejesho, nimekuelewa, lakini kutoka Dodoma mpaka Kondoa ni lami tupu na basi lipo kila asubuhi. Dada uliyeandika kwamba msimamizi wako anahesabu makala za majarida tu na mkutano wa kijiji hauna alama, hapo nimekuelewa zaidi, na hasira yangu kwenu wanafunzi imepungua kidogo. Kidogo. Fomu ya ridhaa chuo chako kiliipitisha na ule mstari wakauona. Wauondoe basi, tujue moja.

Na wewe dada wa sumukuvu, kama uko humu kwa jina bandia: namba ya kaya yetu ni 087. Karanga za msimu huu tumevuna tangu Mei, zimejaa magunia mawili, moja la kuuza na moja la nyumbani. Tangu nimweleze mama kile nilichoambulia kwenye video yako, lile la nyumbani amelifunga kamba na hataki liguswe. Wajukuu wanakula uji mkavu, na kila jioni ananiuliza kama umepiga simu.