Mazda Roadster inavuta kushoto hata baada ya alaimenti mara mbili: naomba ushauri

Mjukuu wa Raskazone

Salaam ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Ninayo Mazda Roadster ya mwaka 2001, ile ya viti viwili yenye paa la turubai, injini ya lita 1.8 na gia za mkono. Ninaitumia hapa Tanga mjini, na mara mojamoja hufika nayo Muheza. Miezi miwili iliyopita, nikirudi usiku kutoka Pongwe, nilimkwepa mwendesha bodaboda asiyekuwa na taa, na gurudumu la mbele kushoto likatumbukia kwenye shimo lililokuwa ukingoni mwa lami. Rimu haikupinda wala tairi halikupasuka, kwa hiyo nilimshukuru Mungu nikaendelea na safari. Kesho yake asubuhi ndipo nilipogundua kwamba nikilegeza mikono kwenye barabara iliyonyooka, gari linakwenda kushoto, tena si kidogo: katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa linafika kwenye mstari wa pembeni kabla sijahesabu hadi tano.

Nimefanya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, mara mbili, katika gereji mbili tofauti. Ya kwanza haikubadilisha kitu. Ya pili iliunyoosha usukani, ambao awali ulikuwa umekaa upande, lakini gari linavuta vilevile. Fundi aliniambia kwamba magari ya michezo ndivyo yalivyo, kwa sababu matairi yake ni mapana na usukani wake ni mwepesi, na kwamba nitazoea. Nimelimiliki gari hili kwa miaka mitatu na halikuwa hivyo.

Upepo ni paundi 26 katika matairi yote manne, na nimeupima asubuhi kabla ya kutembea. Karatasi ya mashine ya mara ya pili inaonyesha hivi, kwa nyuzi, kwa magurudumu ya mbele (kemba ni tairi kulalia ndani au nje, hasi ikiwa ni ndani; kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia; too ni namna matairi mawili yanavyotazamana). Kabla ya kazi: kushoto kemba hasi 0.3 na kasta 4.2; kulia kemba hasi 0.6 na kasta 5.4. Baada ya kazi: kushoto kemba hasi 0.3 na kasta 4.2; kulia kemba hasi 0.6 na kasta 5.4. Too ilikuwa nyekundu, yaani nje ya kiwango, pande zote mbili, na sasa ni kijani.

Je, tatizo ni matairi, ni barabara, au kuna kitu kilichopinda?

Baba Tumaini

Ndugu yangu, kabla hujaingia gharama nyingine, kumbuka kwamba lami zetu zimejengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yatiririkie pembeni. Mteremko huo ni wa takribani asilimia 2.5, na kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kushoto, kila gari litaelekea kushoto kidogo ukiliachia. Hata baiskeli yangu hufanya hivyo.

Binti wa Mabawa

Baba Tumaini ana hoja, lakini mgongo wa barabara haukujengwa usiku ule wa shimo, na mwenye gari amesema kwamba kwa miaka mitatu halikuwa likivuta. Njia ya kuuondoa ubishi huu ni kutafuta uwanja mpana wenye sakafu tambarare, kuomba ruhusa, na kulitembeza gari polepole mara moja kwenda na mara moja kurudi. Likielekea kushoto katika safari zote mbili, basi barabara haina hatia.

Kuna mambo mawili mengine ambayo ningeyachunguza kabla ya kumlaumu mtu wa alaimenti. La kwanza ni tairi lenyewe. Mimi niliwahi kuhangaika na Altezza iliyovuta kulia kwa wiki sita, nikabadilisha tai rodi endi (ncha za vyuma vinavyoyageuza magurudumu) ambazo hazikuwa na kosa lolote, kumbe tairi moja la mbele nililolinunua likiwa limetumika lilikuwa limeharibika nyuzi zake za ndani na kuwa kama lina upande mmoja mwembamba kuliko mwingine. Tairi la namna hiyo huviringika kama kikombe cha kahawa kilicholazwa mezani: halinyooki, linazunguka kuelekea upande wake mwembamba. Ukihamisha tairi la mbele kushoto kwenda kulia na la kulia kwenda kushoto, na gari likabadili upande wa kuvuta, umekwishampata mwizi. Angalia tu ubavuni mwa tairi kama kuna mshale wa mwelekeo, kwa sababu tairi lenye mshale halihamishwi upande. Hilo unalibadilisha na la nyuma yake.

La pili ni breki. Tembea kama kilomita 10 bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) iliyokwama upande mmoja hulifanya gurudumu hilo liwe la moto kuliko mwenzake, na gari huvuta upande huohuo.

Fundi Mstaafu Chumbageni

Marahaba kijana. Nimefanya kazi ya magurudumu kwa muda mrefu na macho yangu sasa ni ya kuazima, lakini karatasi yako nimeisoma mara tatu, na naomba na wewe uisome tena kwa utulivu. Kasta ya kushoto kabla ya kazi ni 4.2 na baada ya kazi ni 4.2. Ya kulia ni 5.4 na 5.4. Kemba nazo hazikusogea hata nukta. Maana yake ni kwamba mtu aliyelipwa kufanya alaimenti amegusa too peke yake, kisha akakuchapishia karatasi. Gari limekuja leo, limeondoka leo, kama tunavyopenda kusema huku kwetu, ila ugonjwa limeondoka nao.

Too ni namna matairi mawili yanavyotazamana yakiangaliwa kutoka juu, kama vidole vya miguu ya mtu. Ikiharibika, inakula tairi na inaukalisha usukani upande, lakini too ya mbele hailivuti gari, kwa sababu magurudumu mawili yameunganishwa na raki moja ya usukani na kosa hujigawa katikati. Ndiyo maana usukani wako ulinyooka na gari halikupona.

Kinachovuta ni kasta na kemba zikitofautiana kati ya kushoto na kulia. Tanga ni mji wa baiskeli, basi nitatumia baiskeli. Uma wa mbele haukusimama wima. Umelala kidogo kumwelekea mpandaji, na mlalo huo ndio unaomwezesha kijana kuachia mikono na kula chungwa huku akienda. Mlalo wa namna hiyo kwenye gari ndio kasta. Sasa gari lina magurudumu mawili ya mbele, na kila moja, kwa sababu ya kasta yake, linataka kugeukia ndani kumsukuma mwenzake. Zikiwa sawa, yanashindana nguvu na hakuna anayeshinda. Zikitofautiana, lenye kasta kubwa linashinda, na gari linakwenda upande wa lile lenye kasta ndogo. La kwako la kulia lina nyuzi 5.4 na la kushoto nyuzi 4.2. Tofauti ya nyuzi 1.2 ni kubwa mno. Mimi nikiona imevuka nusu nyuzi siachii gari litoke. Kemba nayo inaongezea chumvi: tairi huviringika kuelekea lilikolalia, na la kulia limelala ndani zaidi kuliko la kushoto, kwa hiyo nalo linasukuma kushoto.

Kwamba kasta ya kushoto imepungua baada ya gurudumu la kushoto kuingia shimoni hakunishangazi hata kidogo. Shimo hulisukuma gurudumu nyuma. Fanya hivi: nyoosha usukani, kisha pitisha vidole kati ya tairi la mbele na ukingo wa nyuma wa madigadi, kushoto na kulia, utuambie.

Mjukuu wa Raskazone

Nawashukuru sana. Nimefanya yote mliyoyasema, na haya ndiyo majibu.

Uwanjani gari lilikwenda kushoto, kwenda na kurudi. Matairi yangu ni 195/50R15 mbele na nyuma, na yana mshale, kwa hiyo nilibadilisha ya mbele na ya nyuma kila upande wake, hakuna mabadiliko. Rimu zote mbili za mbele zilikuwa na joto lilelile baada ya safari ya hadi karibu na Muheza.

Sasa vidole. Upande wa kulia vinapita vitatu kwa raha. Upande wa kushoto vinapita viwili, na cha tatu kinakwama kwenye kucha. Nimerudia mara nne, mke wangu akiwa amesimama pembeni akiuliza kama gari limeshikwa na degedege.

Fundi Mstaafu Chumbageni

Mwambie mama asiwe na wasiwasi, mgonjwa ameonekana.

Gari lako lina amu mbili, yaani mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu, kila gurudumu, moja juu na moja chini, mbele hadi nyuma. Ni muundo mzuri kuliko wa magari mengi tunayoyaona mjini, lakini unataka mtu anayeuelewa. Amu ya chini ya mbele imeshikiliwa kwenye fremu na bolti mbili zenye sahani ya duara iliyotobolewa nje ya katikati. Ukizizungusha zote mbili sambamba, unabadilisha kemba. Ukiizungusha moja peke yake, au moja huku na nyingine kule, unabadilisha kasta. Kwa hiyo gari hili linarekebishika kila kitu kwa spana, bila kununua kifaa chochote cha ziada. Aliyekuambia uzoee hakuzijua bolti hizo, au alizijua akajaribu kuzifungua, zikamshinda.

Na hili la pili ndilo ninalolishuku. Tunaishi kando ya bahari, na wewe hasa, kama jina lako ni la kweli, unalala na gari mita chache kutoka majini. Bolti hizo hupita ndani ya bomba dogo la chuma lililo katikati ya bushi, ule mpira wa kwenye maungio ya amu, na kutu ya chumvi huvishikanisha viwili hivyo vikawa kitu kimoja. Legeza nati, kisha jaribu kuzungusha kichwa cha bolti kidogo. Ukiona mpira wa bushi unajikunja pamoja nacho, acha mara moja, umeshikana. Hapo ni kupulizia mafuta ya kulainisha kutu siku tatu au nne mfululizo, na ikishindikana, ni kukata bolti na kuweka bolti na bushi mpya. Usimruhusu mtu aipige nyundo bila nati kuwepo, atakuharibia nyuzi za bolti.

Amu ikitoka, ilaze juu ya sakafu iliyonyooka uiangalie kama haijapinda, maana hakuna mashine itakayoponya chuma kilichopinda. Wakati wa kurudisha, bolti zenye bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki. Vinginevyo mpira unabaki umesokotwa na bushi haidumu.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulidharau: gari lako lina uzito wa zaidi kidogo ya tani moja tu, kwa hiyo uzito wa dereva unahesabika. Wakati wa alaimenti, kaa kwenye kiti chako, au weka mifuko mitatu ya sembe ya kilo 25 badala yako. Waanze na magurudumu ya nyuma, waje mbele kwenye kasta, kisha kemba, na too iwe ya mwisho, kwa sababu kila moja kati ya zile za kwanza huivuruga.

Baba Tumaini

Nimeondoa hoja yangu ya barabara. Ila hiyo sembe isije ikarudi nyumbani ikinuka grisi.

Mjukuu wa Raskazone

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu.

Bolti ya nyuma ya amu ya kushoto ilitoka siku ya tatu ya mafuta. Ya mbele ilikataa kabisa, na fundi alitumia karibu saa mbili na msumeno wa chuma, akikata kati ya bushi na fremu, mpaka ikaachia. Kipande kilichotoka ninacho hapa mezani: bolti na bomba la bushi vimeshikana, huwezi kuona mwanya kati yao, na kutu yake ina rangi ya manjano.

Tulipoilaza amu sakafuni, ikawa inacheza kama kiti chenye mguu mmoja mfupi. Ilikuwa imepinda. Hapa Tanga sikupata ya gari hili, kwa hiyo niliagiza iliyotumika kutoka Dar es Salaam, ikanifikia baada ya siku tisa kwa basi, nikaichukua stendi ya Kange ikiwa imefungwa kwenye gunia. Bushi na bolti tumeweka mpya.

Alaimenti ya tatu nimeifanya nikiwa nimekaa ndani ya gari, jambo lililowachekesha vijana wa pale, lakini walikubali. Sasa kasta ni 5.2 kushoto na 5.3 kulia, kemba ni hasi 0.7 na hasi 0.8. Vidole vitatu vinapita kote. Jana asubuhi, barabara ikiwa tupu, nililegeza mikono na gari likaenda moja kwa moja, na lilipoanza kuelekea kushoto lilifanya hivyo taratibu sana, nadhani ni ule mgongo wa lami wa Baba Tumaini.

Kimebaki kitu kimoja. Gari likienda moja kwa moja, usukani umelala kidogo upande wa kulia, kama saa inayoonyesha dakika moja baada ya saa sita. Kijana wa gereji ananiambia ataung'oa usukani aurudishe umenyooka. Nimkubalie?

Fundi Mstaafu Chumbageni

Usimkubalie. Nyuma ya usukani huo kuna mfuko wa hewa na waya wake uliozungushwa, na hata bila huo, ukiung'oa usukani unaficha kosa badala ya kulirekebisha: raki itakuwa haiko katikati gari likienda moja kwa moja. Anyooshe usukani, aufunge usicheze, kisha arekebishe tai rodi zote mbili mpaka kila gurudumu liwe na too yake sahihi. Kwa hali yako, upande mmoja utafupishwa kiasi kilekile ambacho mwingine utarefushwa. Ni kazi ya robo saa, na kwa kuwa alikukabidhi gari usukani ukiwa upande, hastahili kukudai senti.

Mjukuu wa Raskazone

Nimekuelewa, mzee wangu. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa pale, na safari hii nitasimama mbele ya kioo cha mashine mpaka nione namba zikisogea.