Naomba ushauri: kufundisha historia ya elimu ya nyota kwa hadithi ya Kepler

Ndugu wanajumuiya, ninafundisha fizikia sekondari na ninakusudia kutumia hadithi iliyoandikwa na mwanaastronomia Johannes Kepler iitwayo Somnium (yaani Ndoto), iliyochapwa mwaka 1634, miaka minne baada ya kifo chake, ili wanafunzi waelewe jinsi watu walivyokuja kukubali kwamba Dunia inazunguka. Humo, wakazi wa upande wa Mwezi unaotuelekea huiona Dunia ikining'inia mahali pamoja angani huku ikijizungusha, nao huamini kwamba makao yao ndiyo yaliyotulia. Mwanafunzi anayelielewa kosa lao hulitambua upesi na la kwetu.

Kinachonitatiza ni kwamba safari yenyewe hufanywa kwa msaada wa pepo, na mama wa mhusika mkuu huuza mitishamba na hirizi. Mama mzazi wa Kepler naye alishtakiwa kwa uchawi na kufungwa kuanzia 1620 hadi 1621, jambo ambalo kwa maoni yangu halifai kufichwa darasani.

Je, nianze na hadithi, kisha sheria zake za mwendo wa sayari, au kinyume chake? Na walimu mliokwisha kutumia hadithi za kubuni, mliwapimaje wanafunzi ili wasichanganye ndoto na ushahidi?