Mdogo wangu yuko PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) mtaala mpya, madesa yangu ya zamani yatamfaa?

KakaWaUjiji:
Habari zenu wadau. Naomba msaada wa mliopita PCB au mnaofundisha.

Mimi nilimaliza kidato cha sita 2019. Mdogo wangu wa kike yuko bweni Tabora, aliingia kidato cha tano Julai 2024, kundi la kwanza la mtaala ulioboreshwa, na Mei 2026 anaingia kwenye mtihani. Anautaka udaktari tangu mama yetu alipolazwa, yeye akiwa darasa la sita. Mwaka ule tahasusi (michanganyiko ya masomo) zilipoongezwa zikafika 65, nyumbani walimbembeleza abadilishe. Akagoma.

Likizo iliyopita nilimpa kaunta buku zangu nne za Kemia na Fizikia, nilizofunika kwa gazeti na kuzitunza juu ya kabati mchwa wasizifikie, pamoja na furushi la pasti pepa (mitihani iliyopita) za 2008 mpaka 2019. Wiki mbili baadaye akanipigia kwa simu ya matroni: "Kaka, mwalimu anasema fomati sasa ni nyingine, na mimi nimeshafanya maswali ya miaka sita. Nimepoteza muda?" Nilikosa jibu. Limeniuma, maana mimi ndiye niliyemwambia pasti pepa kwanza, daftari baadaye. Sisi tulifaulu hivyo: unapitia miaka kumi, unajua lipi linarudi.

Nikaenda duka moja mjini nikanunua kitabu cha maswali na majibu, jaladani kimeandikwa "mtaala mpya". Ukurasa wa tatu nakutana na swali la mtihani wangu mwenyewe, neno kwa neno. Nyuma wameweka na maswali ya Jiesi, lile somo la zamani la General Studies, wakati wenzetu sasa wanasoma Historia ya Tanzania na Maadili! Shilingi 12,000 ndiyo imekwenda.

Aziache pasti pepa kabisa? Nafasi za udaktari zinagombewa mno, sitaki nimpotoshe mara ya pili.

Mwl_Kasulu:
Kaka, asizitupe. Pakua muhtasari mpya wa masomo na fomati ya mtihani ya NECTA (Baraza la Mitihani), kisha akae na kalamu nyekundu. Kila swali la zamani aliandikie pembeni linaangukia wapi kwenye muhtasari. Lisilo na mahali, alikate. Kazi hiyo inachosha, lakini akiimaliza atakuwa ameujua muhtasari kuliko wengi darasani.

Pasti pepa yenyewe haina kosa. Kosa ni kukariri majibu yake. Nikupe mfano wa maabara. Wanafunzi wangu wote walijua kwamba ukititireti siki kwa sodiamu haidroksaidi unaweka kiashiria cha fenofthalini, na unaacha inapoanza kugeuka waridi hafifu. Nikawauliza: kwa nini tusiweke kiashiria kingine, methili orenji? Darasa zima kimya. Walikuwa wamelifanya swali hilo la siki kwenye pasti pepa zaidi ya mara tano. Mtaala huu unataka mtoto aweze kujibu hiyo "kwa nini". Kwa hiyo kila akimaliza swali la zamani, abadilishe kitu kimoja ndani yake halafu alifanye upya.

BintiUrambo:
Pole kaka. Mimi nilikuwa kidato cha nne 2014, matokeo yetu yakatoka kwa GPA (wastani wa alama) badala ya divisheni. Waliotufuata 2015 wakarudishiwa divisheni. Tulihangaika sana kujua lile daraja la "merit" ni nini, lakini tulipofika kidato cha tano Fizikia ilikuwa ngumu vilevile!

Nakuomba umwangalie Fizikia. Kwenye kuomba chuo A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kozi nyingi zinaridhika na masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Udaktari unataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Rafiki yangu wa bweni alikuwa na A ya Baiolojia, Fizikia ikamwangusha, na udaktari akaukosa. Alilia mpaka macho yakavimba. Wasichana wengi wa PCB wanaikimbia Fizikia kimyakimya, muulize waziwazi.

Steshenari_Mwanga:
Vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) viko bure kwenye maktaba mtandao yao. Achana na hivyo vya dukani.

KakaWaUjiji:
Mwalimu, dada, mkuu, nawashukuru kutoka moyoni. Muhtasari nimeshaupakua, kesho nauchapisha. Nimempigia matroni, nikamuuliza mdogo wangu kuhusu Fizikia kama dada alivyosema. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mada ya umeme sijaielewa tangu mwaka jana." Mwaka mzima hakuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza.

Jumamosi ni siku ya wazazi, napanda basi la alfajiri. Kalamu nyekundu mbili nimenunua. Na mwalimu, lile swali lako la methili orenji nimekesha nalo, nadhani jibu nimelipata, lakini usiliandike hapa kwanza. Nataka nilisikie kwake.