Paa la gari la kulala linavuja ingawa nimelipaka silikoni mara tatu

Mkaazi wa Barani, Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina Toyota Hiace ya zamani, iliyokuwa ikibeba wanafunzi, ambayo mimi na mume wangu tuliigeuza kwa mikono yetu kuwa gari la kulala. Tuling'oa viti, tukatandika sakafu ya plaiwudi, tukajenga kitanda upande wa nyuma na kabati la jiko karibu na mlango, kisha tukafunga paneli moja ya sola juu ya paa. Mwaka jana tulimpa fundi kazi ya kukata tundu la dirisha dogo la paa, kwa sababu joto la Februari ndani ya bati halivumiliki, naye akalizungushia silikoni nyeupe na kutukabidhi gari siku hiyo hiyo.

Masika yalipokolea mwezi wa Mei, maji yalianza kudondoka juu ya kitanda, upande wa kushoto, kiasi cha futi mbili nyuma ya dirisha lile. Nimepanda juu mara tatu kuongeza silikoni juu ya silikoni, na kila mara nimepata siku chache za matumaini kabla ya mvua inayofuata kunirudisha palepale. Plaiwudi ya dari imevimba, na kandokando ya dirisha rangi imeinuka kama malengelenge. Nikiibonyeza, unga wa kutu unamwagika.

Mwezi wa Disemba tunakusudia kwenda Mokowe, tuliache gari huko na kuvuka kwa boti hadi Lamu kukaa na wazazi wangu wiki mbili, na sitaki kuliacha likiwa katika hali hii. Je, silikoni yenyewe ndiyo mbaya, au ninaipaka vibaya? Nielekezeni, kwa kuwa ningependa kazi hii niifanye mwenyewe na kuielewa.

Dada wa Gede

Wa aleikum salaam dada. Kwa maoni yangu, tundu ambalo limekwisha kuota kutu halitakupa amani. Mpelekee fundi wa kuchomelea alizibe kwa kipande cha bati, mpake rangi, na joto mlitatue kwa feni ya volti 12. Sisi tulifanya hivyo kwa gari la kaka yangu, na halikuvuja tena.

Fundi Bodi, Maweni

Dada wa Gede ana nia njema, lakini ningeomba tusikimbilie kuchomelea. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani, mahali ambapo mkono haufiki kupaka tena, na katika upepo wetu wa bahari chuma kilichobaki uchi huanza kutu usiku wa kwanza. Miaka miwili baadaye kiraka kizima huwa kimezungukwa na kutu kilichoanzia ndani. Zaidi ya hayo, gari lina dari ya mbao, sponji ya kuzuia joto, nyaya za sola na mtungi wa gesi. Ikiwa siku moja italazimika kuchomelea, mtungi utoke nje ya gari kabisa, dari ibanduliwe, na nyaya za betri zifunguliwe kwanza, wa hasi ukitangulia.

Sasa nikujibu wewe mwenye swali. Mambo mawili yamekuponza, na la kwanza ni silikoni. Iliyo rahisi kupatikana madukani ni ile yenye harufu kali ya siki inapokauka. Harufu hiyo ni tindikali halisi, nayo hula chuma kisicho na rangi. Fundi aliyekata tundu kwa grenda bila kupaka rangi ukingo wa bati, kisha akaweka silikoni ya aina hiyo, alikifungia kutu ndani ya kifuniko. Isitoshe, silikoni haishiki juu ya silikoni ya zamani, wala rangi haishiki juu yake. Safu zako tatu zimelaliana tu bila kushikana.

La pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni kwamba hujajua bado maji yanaingilia wapi. Umeona yanapodondokea, ukadhani ndipo yanapoingilia. Kabla hujanunua chochote, bandua ubao wa dari kuanzia kitandani hadi mbele ya dirisha, na uondoe sponji yote iliyolowa, kwa maana itaendelea kunyesha wiki nzima baada ya mvua kwisha. Kisha msaidiane watu wawili: mmoja akae ndani na tochi, mwingine apande nje na mpira wa maji. Maji yasimwagwe paa zima kwa pamoja. Anza sehemu ya chini kabisa, kwenye mfereji wa pembeni mwa paa, uyaache yatiririke polepole kwa dakika 10 mahali pamoja, ndipo upande juu hatua kwa hatua: ukingo wa dirisha upande wa nyuma, kisha upande wa mbele, na mwisho bolti za paneli ya sola, moja moja. Ukianzia juu, maji yatashuka yaloweshe kila kitu, nawe hutajua ni tundu gani lililokusaliti.

Angalia pia dari asubuhi ya siku isiyokuwa na mvua. Watu wawili wakilala ndani ya gari lililofungwa, pumzi zao na mvuke wa chai hugeuka matone chini ya bati lililopoa usiku. Unyevu wa namna hiyo hauzibwi kwa gundi ya aina yoyote. Dawa yake ni kuacha upenyo wa hewa.

Ukishapata tundu, uje tuzungumze habari ya vifaa.

Mwunda Vyombo, Matondoni

Binti yangu, mimi si mtu wa magari, na kisiwani kwetu hatuna haja nayo sana, lakini maji nimepambana nayo tangu utotoni. Aliyosema fundi wa Maweni ni sahihi, nami nitakuongezea ushahidi wa jahazini. Maji yakipenya mshono wa mbao karibu na omo, yaani mbele ya chombo, hayadondoki hapo. Hufuata taruma, ule ubavu wa chombo ulio ndani, hushuka nalo, nawe huyakuta yametuama mbali kabisa na yalikoingilia. Nahodha mgeni huanza kuziba pale penye maji, akapoteza siku mbili. Paa la gari lako lina mataruma yake ya chuma chini ya bati, kwa hiyo yatazame hayo kwanza, ukifuata alama za maji kurudi nyuma.

Jambo jingine ni hili. Tunapokalafati chombo, yaani kuziba mishono yake kwa pamba, pamba mpya hatuishindilii juu ya pamba iliyooza. Tunaichokoa ya zamani yote mpaka mshono uwe mtupu, tunauacha ukauke, ndipo tunapoingiza pamba iliyotiwa mafuta. Kijana anayeona uvivu kuchokoa hulazimika kukipandisha chombo pwani tena kabla ya msimu kwisha. Ichokoe silikoni yako yote.

Mkaazi wa Barani, Malindi

Shikamoo mzee wangu, na shukrani nyingi kwenu nyote.

Juzi na jana tulifanya jaribio kama fundi alivyoeleza. Mume wangu alikaa ndani, nami nikapanda na mpira wa maji. Mfereji wa pembeni ulikuwa salama. Ukingo wa nyuma wa dirisha, ambao ndio nilioupaka mara zote tatu, haukupitisha hata tone. Ukingo wa mbele ulitoa unyevu kidogo baada ya muda mrefu. Lakini nilipofika kwenye bolti ya paneli ya sola, ile ya kushoto nyuma, haikupita dakika moja mume wangu akapiga kelele: maji yalikuwa yakiteremka kwenye bolti, yanashika taruma, yanapita ubavuni mwa dirisha na kudondoka kitandani. Nilikaa juu ya paa nikiitazama ile bolti kwa muda. Nilikuwa nimeipita mara tatu nikiwa na silikoni mkononi.

Tumefungua paneli. Kishikizo chake ni cha alumini, kimekaa moja kwa moja juu ya bati, na pale vilipogusana pana unga mweupe na kutu chini yake. Silikoni ya dirishani nayo nimeanza kuichokoa kwa wembe. Sasa naomba maelekezo ya vifaa.

Fundi Bodi, Maweni

Unga mweupe ni alumini iliyoliwa. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa upesi, rangi iliyo karibu huchubuka, na kutu hupata mlango. Hapa kwetu pwani kila kishikizo cha alumini kinahitaji kipande cha mpira au plastiki kati yake na bati.

Baada ya kuchokoa silikoni kwa wembe, futa mabaki kwa thina na vitambaa safi, ukibadilisha kitambaa kila mara, kwa kuwa ute usioonekana unatosha kuzuia gundi mpya kushika. Kisha sugua kutu kwa brashi ya chuma na msasa mkavu wa namba 80 mpaka uone bati linang'aa, na uvuke malengelenge kiasi cha vidole viwili kila upande, kwa sababu kutu hutambaa chini ya rangi iliyo nzima kwa macho. Osha kwa maji matamu ya bomba, tafadhali, wala si ya kisima; visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu na kuleta malengelenge mapya. Kausha kabisa, paka dawa ya kugeuza kutu yenye tindikali ya fosfori kwenye vijitundu ambavyo msasa haukufika, kisha praima, kisha rangi mikono miwili. Kusugua na praima vifanyike siku moja. Ukingo wa tundu la dirisha na midomo ya matundu ya bolti vipakwe pia. Unga wa chuma uliorukia paa ufagiliwe wote, maana kila chembe itaota kutu.

Kwa kuziba, nunua gundi ile ambayo mafundi wa vioo hubandikia kioo cha mbele cha gari. Hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, takriban milimita 3 kwa siku, basi usiliguse dirisha kwa siku mbili. Jua huiharibu ikiachwa wazi, kwa hiyo ipake rangi juu. Bolti zifungwe na washa ya mpira, na gundi ijae ndani ya tundu, si kuzunguka kichwa cha bolti tu.

Dari usiirudishe mapema. Kama plaiwudi imevimba, kata mpya na uipake vanishi pande zote mbili pamoja na kingo. Subiri mvua kubwa mbili zipite ukiwa unaliona bati kwa macho yako. Mvua za vuli zitakufaa kwa hilo. Na mtakapoliacha gari Mokowe, dirisha la paa libaki wazi upana wa kidole chini ya kifuniko chake, na waya wa hasi wa betri uufungue baada ya kuhakikisha betri imejaa. Ikiwa ni ya asidi, ipime saa kadhaa baada ya kuzima kila kitu: isome volti 12.6 au zaidi kidogo.