Urea mifuko miwili kwa ekari na mpunga bado njano, shida ni maji au ardhi imechoka?

jaruba_mbarali: Habari zenu wakuu. Nalima mpunga aina ya SARO 5 huku Mbarali, ndani ya skimu ya umwagiliaji, huu msimu wa nne. Mwanzo nilikuwa napata gunia 30 kwa ekari, safari hii nimeambulia 19 na urea nimeongeza toka mfuko mmoja hadi miwili. Maji siyaachi yakauke hata siku moja, mabua nachoma nikishavuna ili trekta lipite vizuri. Nakosea wapi?

Mzee wa Tope: Urea unarusha maji yakiwa kimo gani? Ukirusha juu ya maji mengi inayeyukia huko huko juu, jua likipiga inageuka amonia inapaa hewani, na nyingine inatoka na maji inaenda kwa jirani. Punguza maji libaki tope, ziba matoleo, mwaga, pitisha palizi ichanganyike na tope, siku ya pili ya tatu ndo urudishe maji. Na ugawe, nusu mpunga ukishika baada ya kupandikiza, nusu ukikaribia kubeba mimba. Ila tope lisikauke likapasuka halafu ndo ufungulie maji, hapo naitrojeni, yaani chakula cha mpunga kilichomo kwenye urea, inapotea tena.

mamaTatu: Mi naona kubwa ni hayo mabua!! Potashi, nayo chakula cha mpunga, iliyovutwa toka ardhini sehemu kubwa inabaki kwenye mabua, ukichoma naitrojeni inaondoka na moshi, majivu nayo yanasombwa na maji. Urea ni naitrojeni 46% basi, haina fosforasi wala potashi, hata umwage mifuko mitano. Yakatekate uyalimie chini mapema yaoze kabla ya kupandikiza. Na peleka udongo kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, wakupimie kabla hujanunua kitu kingine.

jaruba_mbarali: Asanteni sana, kumbe nilikuwa namwaga urea maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu. Maji nayajaza kwa kuogopa zamu ya maji, kwetu inarudi baada ya siku saba.

Mzee wa Tope: Chukua kipande cha bomba la plastiki, toboa matundu, kizamishe sentimita 20 ardhini utoe udongo wa ndani. Humo utaona maji yalipo, yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndo unahitaji kumwagilia, na kama kwenu ni udongo wa mfinyanzi siku saba unaweza kufika bila shida, mizizi nayo inapata hewa. Mpunga ukianza kuchanua tu, hapo usithubutu kuukausha, jaza.